Kitambi Kilikuwa Cheti

Hapa Milimani, mwanaume wa miaka 48 akitokea na kitambi anaitwa mheshimiwa kabla hajafungua mdomo. Kitambi chenyewe tumekipa jina la sifa, "public opinion". Mimi nauliza hiyo heshima ilitoka wapi, juu ini halijawahi kuijua.

Rudi nyuma kidogo. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, walowezi wakafuata wakachukua mashamba ya Bonde la Ufa, na Milimani ikawa mtaa wa Wazungu. Mwafrika aliyelima hayo mashamba alitembea, alibeba, alichimba, jioni akala kilichokuwepo. Kitambi angekitoa wapi? Baada ya uhuru 1963 watu wetu wakaanza kuingia kwa hizi nyumba: watu wa ofisi, wa gari, wa nyama choma wikendi. Kitambi kikawa cheti kwamba huyu ameachana na jembe. Kwa watu waliokuwa wanaijua njaa, siwezi kuwalaumu.

Na njaa ndiyo inanishangaza hapa. Miaka ya 1940 na 1950, mafuta kwenye ini Afrika Mashariki yalikuwa habari ya mtoto, sio ya mzee. Pale Mulago, Kampala, Daktari Hugh Trowell, aliyeanzia kazi Kenya 1929, alichunguza kwashiakoo na wenzake Davies na Dean, wakatoa kitabu 1954. Mtoto mikono imekonda, tumbo limefura, ini limejaa mafuta. Madaktari walieleza kwamba protini ikikosekana, ini halina cha kubebea mafuta kuyatoa nje, kwa hivyo yanabaki mle ndani.

Sasa ini lile lile linajaa kwa mtu ambaye hajalala njaa miaka 20.

Ukimwambia hivyo atakuapia hanywi pombe. Lakini 1980, kule Mayo Clinic Marekani, Jürgen Ludwig alieleza wagonjwa 20 ambao ini lao lilifanana na la mlevi ilhali hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene.

Iko hivi: mafuta ya kitambi hayako chini ya ngozi pekee. Mengine yamezunguka matumbo, na damu ya huko huenda kwa ini moja kwa moja, kupitia ule mshipa wa baiolojia ya kidato cha pili. (Chuo niliacha, lakini huo mchoro bado nauona.) Mafuta yanamiminika huko kila siku, mwili unaanza kupuuza insulini, na ini linazidi kujaza stoo. Yakipita 5% ya ini, hiyo tayari inahesabiwa ini lenye mafuta. Mara nyingi hauskii chochote. Kwa wengine linavimba, linaota makovu, mwishowe linakuwa gumu. Lakini likishikwa mapema husamehe: mzee wa kilo 100 akipunguza kilo 7 hadi 10, mafuta ya ini hupungua, na mara nyingi hata uvimbe.

Kuanza ni futi ya fundi wa nguo tu. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanaume, sentimita 94 ndiyo alama inayotumika sana. Usiamini saizi ya suruali, wazee wetu huifunga chini ya kitambi ndio ibaki 36.

Anko wangu nilimpima Jumapili, ikasoma 109. Akasema futi yangu imevutika, nitafute ingine.

Nimeitafuta.