Jina la Nchi Yetu Lilipita Ukambani



Tukizungumzia wasafiri katika historia ya Kiislamu, wa kwanza kutajwa ni Ibn Battuta. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akaendelea hadi Kilwa. Lakini umewahi kuitazama ramani ya safari yake? Huku kwetu alishika pwani tu, bara hakuingia. Basi ni nani walioizunguka nchi hii kubwa kabla ya reli na barabara? Baadhi yao ni wenyeji wa hapa ninaposomea, Kwa Vonza, kwenye njia ya Machakos kwenda Kitui. Ni Wakamba.

Usidhani namsifu mwenyeji kwa sababu nakula kwake! Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Upande wa pili walifika Mlima Kenya na maeneo ya Baringo. Hebu fikiria: mtu anaiacha minazi, anavuka nyika ya Taru isiyo na maji, anapanda uwanda wa Yatta, anavuka Mto Tana, halafu anaingia kwenye mashamba ya mlimani. Polisi hakuna, hoteli hakuna. Usalama wake ni watu. Mfanyabiashara alichanjiana na mtu wa kabila lingine wakawa ndugu, na tangu siku hiyo ana nyumba ya kufikia.

Mkubwa wa wafanyabiashara hao Kitui alikuwa Kivui wa Mwenda. Novemba 1849 alimpokea mgeni kutoka Rabai, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Kivui akamweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe juu yake. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, na Krapf akauona kwa mbali, una vilele viwili kama pembe. Kule Ulaya kuna wataalamu waliokataa kabisa, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kumbe Mkamba aliyeuza pembe Mombasa alikuwa na habari hiyo zamani.

Na jina je? Wakikuyu husema Kirinyaga. Wakamba, kwa matamshi yao, husema Kiinyaa. Krapf aliandika kama alivyosikia kwa wenyeji wake, na mwaka 1920 koloni lote likapewa jina la mlima ule: Kenya. Kwa hiyo kila ukitoa kitambulisho chako, unaonyesha jina lililopita kwanza katika kinywa cha Mkamba.

Safari ya pili ilimalizika vibaya. Agosti 1851 Kivui alimchukua Krapf kuelekea Tana. Karibu na mto wakavamiwa na majambazi, Kivui akauawa. Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo, akajaza maji katika mitutu ya bunduki na mfuko wa ngozi wa darubini. Wewe unayefunga katika jua la Kitui unaijua kiu, lakini wewe unajua Magharibi itaingia saa ngapi. Yeye hakujua atakunywa tena lini. Alirudi Rabai akiwa hai. Aliyempa jina la mlima hakurudi kwake.

Shuleni tumefundishwa kwamba Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Ni kweli. Lakini mgeni huona kile anachoonyeshwa na mwenyeji, na mwenyeji huyu alilipa kwa roho yake.

Leo vijana wa Lamu, Mandera na Busia wanakutana Kwa Vonza, kwenye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopata hadhi kamili mwaka 2013. Wengine wanamaliza miaka minne wakikaa na watu wa kwao tu, wanaijua njia ya stendi na ya msikitini basi. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufahamisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane. Ramadhan hii, ndugu yangu, mwite jirani Mkamba kwenye futari, umuulize babu zake walipita njia gani.

Wabillahi tawfiq.