Nguzo za Isimila: Mvua Iliyofichua Ndiyo Inayofuta



Safari hii tumeonelea tuwaletee historia ambayo haikuandikwa kwa wino. Wengi wetu katika nchi jirani tukisikia Iringa, Tanzania, tunamkumbuka Mtwa Mkwawa wa Wahehe na ngome yake ya Kalenga, iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Mkwawa alifariki mwaka 1898. Lakini kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini Iringa, kwa njia ya kwendea Mbeya, pana mahali paitwapo Isimila. Historia ya hapo inarudi nyuma kama mara elfu mbili zaidi ya kifo cha Mkwawa.

Tulifika pale na familia kadhaa na vijana wetu wa madrasa. Kilichowashangaza kwanza ni nguzo. Zimesimama ndani ya korongo, nyembamba na ndefu, nyingine zinapita urefu wa nyumba ya ghorofa, rangi zake nyekundu na kijivu. Mtoto mmoja akauliza: "Nani aliyezijenga?" Hakuna aliyezijenga kwa mkono. Ni kazi ya maji na upepo.

Nguzo zilivyofanyika

Zamani sana mchanga, udongo na tope vilishuka na maji na kutua tabaka juu ya tabaka. Baada ya muda mrefu tabaka hizo zikashikana zikawa mwamba, lakini mwamba laini. Kisha maji yakaanza kuukata. Kila masika yalipokuja, mifereji midogo ikawa mikubwa, na mifereji ikawa makorongo. Pale ambapo tabaka la juu lilikuwa gumu zaidi, lile gumu likawa kama mwavuli, likakinga ulaini ulio chini yake. Pembeni kote kukaliwa na maji, katikati pakabaki nguzo. Huu ndio mmomonyoko wa ardhi, uleule tunaoulalamikia mashambani kwetu.

Mvua ikafichua mawe

Katika korongo la jirani, maji hayohayo yalifanya kazi nyingine. Yalipokuwa yakiondoa udongo, yalifunua mawe yaliyochongwa na watu. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini alipita pale, akaona mawe yasiyofanana na mawe ya kawaida, akayapeleka Johannesburg kwa wataalamu wa mambo ya kale. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuzi wakiongozwa na Mmarekani F. Clark Howell walichimba kwa utaratibu. Walikuta mashoka ya mkono, mawe ya kukatia, ya kukwangulia, na mengine ya mviringo. Walikuta pia mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina ambayo leo haipo tena duniani. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1972 kilikadiria umri wa tabaka hizo kuwa miaka 260,000 hivi.

Watu hao hawakuacha maandishi wala majina. Walichotuachia ni mawe, na mahali mawe yalipolala. Tunawaomba wanafunzi walishike vizuri hili la pili, kwani ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Jiwe mfukoni

Tulipokuwa tukirudi kwenye gari, tuligundua kuwa kijana wetu mmoja ametia jiwe mfukoni. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumwonyesha bibi yake nyumbani. Alipoulizwa akajitetea kwa hoja ambayo kwa kweli ilitunyamazisha kidogo: "Mbona yule mwanafunzi wa 1951 naye aliokota?"

Maalim wetu hakumkaripia. Alimwambia: "Mwanangu, yule alipeleka jiwe kwa wanaoweza kulisoma, na akawaambia amelitoa wapi. Wewe ukilipeleka kabatini, nani ataulizwa?"

Jawabu hilo lina elimu ndani yake. Jiwe likiwa ndani ya tabaka lake lina mengi ya kusema. Tabaka lililo chini yake na lililo juu yake hueleza lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Mawe yaliyo kando yake hueleza kama watu walikaa hapo wakichonga, au kama mkondo wa maji ndio uliyakusanya. Mifupa iliyo karibu hueleza nchi ilikuwa na wanyama gani. Ling'oe jiwe hilo, na litabaki zuri vilevile mkononi, lakini ushahidi wake umekatika. Ni kama ukurasa mmoja uliochanwa katika kitabu ambacho nakala yake ni moja tu.

Na ukurasa huo mvua nayo inauchana. Maji yaliyofunua mawe ya Isimila hayakusimama mwaka 1951. Kila masika yanalegeza mengine, yanayatoa mahali pake na kuyateremsha korongoni. Nguzo nazo zinaliwa taratibu. Mwavuli wa juu ukianguka, ulaini wa chini hauna kinga tena. Mvua hatuwezi kuizuia. Mikono yetu tunaweza. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu kama hivi, lakini sheria haiwezi kusimama pembeni ya kila mtoto. Mzazi ndiye anayesimama hapo.

Basi ndugu zetu, mkijaaliwa kufika Isimila, watembezeni watoto na mtembezaji wa pale, waingieni kwenye jumba dogo la makumbusho, wapigeni picha. Msiwaache waandike majina yao kwenye nguzo wala kuzipanda. Wakiona jiwe la ajabu, waliache lilipo na wamwonyeshe mhudumu.

Kijana wetu alirudi mwenyewe, akaliweka jiwe pale alipodhani alilitoa. Alisimama kidogo, kisha akasema hana hakika kama ni hapo hasa. Hakuna kati yetu aliyeweza kumsaidia. Hiyo ndiyo hasara tuliyoizungumza, na ilitokea mbele ya macho yetu, kwa jiwe moja, katika muda wa saa moja.

Amana si lazima iwe ya mtu unayemjua. Hii tumeachiwa na watu tusiowajua, kwa ajili ya watoto tusiowaona bado.