Wakili Mwenye Mwajiri Mmoja

Neno wakili lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na kwa muda mrefu halikuwa na maana ya mtu wa mahakamani peke yake. Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, wakili ni mwakilishi, naibu, mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Wakala ni ndugu yake, kwa kuwa mzizi ni ule ule. Siku hizi tumewatenga: wakili asimama mbele ya hakimu, wakala akaa kibandani akipokea na kutoa fedha za simu. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kwake maneno hayo mawili hayajaachana bado, naye ni mwanasheria aliyeajiriwa na kampuni. Huyu ana mteja mmoja tu, na mteja huyo ndiye amlipaye mshahara. Makala haya yahusu jinsi watu wa namna hiyo walivyotafutana.

Kazi yenyewe si ngeni. Makampuni ya reli ya Marekani katika karne ya 19 yalikuwa na wanasheria wao wa mshahara, tena wenye cheo kikubwa. Katika karne iliyofuata heshima ilihamia kwa mawakili wa nje wenye ofisi zao, na aliyebaki ndani ya kampuni akadhaniwa kuwa amekosa nafasi huko. Mwaka 1972, katika shauri la Alfred Crompton Amusement Machines, Lord Denning wa Uingereza alitamka kuwa mshauri wa sheria mwenye mshahara ana haki na wajibu sawa na wenziwe wa nje. Jaji hahitaji kutamka jambo ambalo kila mtu amekwisha kulikubali.

Miaka kumi baadaye mambo yalikwenda kwa haraka. Mwaka 1981 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika shauri la Upjohn, kampuni ya madawa, iliamua kuwa maneno ya wafanyakazi wa kawaida kwa mwanasheria wa kampuni yao yaweza kulindwa kwa siri. Mwaka 1982 mahakama ya Jumuiya ya Ulaya ilielekea upande mwingine katika shauri la AM&S: siri hiyo ni ya wakili wa kujitegemea, si ya mwajiriwa. Mwaka huo huo wanasheria wa makampuni ya Marekani waliunda chama chao wenyewe, kisichomwandikisha mwanachama ila awe ameajiriwa ndani. Sharti hilo lina maana yake. Wakili wa nje akiwapo mkutanoni, ni mwuzaji kati ya wanunuzi, na mazungumzo hugeuka biashara.

Ulaya haikubadili shauri lake. Mwaka 2003 wakaguzi waliingia katika majengo ya Akzo Nobel na Akcros huko Uingereza, wakachukua nyaraka, na miongoni mwake barua mbili alizoandikiana meneja na mwanasheria wa ndani, ambaye alikuwa ameandikishwa rasmi kuwa wakili nchini Uholanzi. Tarehe 14 Septemba 2010 mahakama iliamua kuwa barua hizo hazina kinga, kwa sababu mwajiriwa hawezi kuwa huru kwa mwajiri wake kama alivyo huru mtu wa nje. Hukumu hii yatia uchungu, lakini haiwezi kudharauliwa. Yasema waziwazi yale ambayo mwanasheria wa ndani huyajua usiku anapolala: kwamba akimkataza bosi wake, hana ofisi nyingine ya kurudia.

Hapo ndipo ushirika wa rika unapopata maana. Tazama mwanasheria wa bidhaa, kama aitwavyo katika makampuni mapya ya teknolojia. Bidhaa kwa Mswahili ni kitu kinachoshikika. Hapa ni huduma iliyomo ndani ya simu, na mwanasheria hukaa na mafundi tangu haijazaliwa. Sheria ya Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, yataka ulinzi uwekwe tangu wakati wa kusanifu, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yafuata njia hiyo. Katika kampuni changa mtu huyo aghalabu yu peke yake. Vitabu havijaandikwa juu ya kitu kitakachotoka wiki ijayo.

Mfano wa kwetu ni M-Pesa. Ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007, hapakuwa na sheria ya fedha za simu. Swali lilikuwa moja: je, fedha za mteja ni amana ya benki? Zikiwa amana, kampuni ya simu haina ruhusa ya kuzishika. Jibu lilipatikana kwa kuziweka benki chini ya mdhamini, zisikopeshwe wala zisichanganywe na mali ya kampuni, na Benki Kuu ikatoa barua ya kutopinga. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja baadaye, Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2015. Waliofuata katika nchi nyingine walikuta njia imekwisha kukanyagwa, nao walipaswa kumwuliza aliyeikanyaga.

Kuuliza huko kuna mipaka. Siri ya mteja si mali ya wakili kuigawa, na washindani wakipashana habari za bei, sheria za ushindani zawangoja mlangoni. Kwa hiyo ushirika mzuri hubadilishana maswali, mifano ya mikataba, na namna ya kumwambia mkuu wa kampuni hapana. Mimi ningeongeza maneno. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 yasema taarifa binafsi. Kenya husikika data ya kibinafsi. Mteja wa Namanga aliye na laini mbili huulizwa ridhaa upande mmoja, kibali upande wa pili, naye hubonyeza tu. Kuridhia ni kukubali kwa moyo baada ya kuelewa. Kibali hutolewa na mwenye mamlaka. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria Tanzania, basi tofauti hii yaweza kufika mahakamani. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliwakutanisha watu wa serikali nne juu ya matatizo ya namna hii. Mwanasheria wa Nairobi na mwenziwe wa Dar es Salaam hawajapata meza kama hiyo.