Vipele vya aleji: wakati gani kukimbia hospitali

Mutu anakula sambaza ao anameza amoksisilini, kisha ngozi inavimba madoa-madoa na kumuwasha sana. Jirani wanasema: "Wamemupa sumu!" Mara nyingi ni aleji tu, hospitali wanaiita urtikeri. Haiambukizi. Kila kipele kinapotea mbele ya saa 24, hata kama vingine vinatokea pembeni. Kwa watoto, mara nyingi inaletwa na virusi. Ikipita wiki 6, aende apimwe.

Lakini ulimi ukivimba, pumzi ikikatika, ao mutu akizimia, musingoje asubui, musimupe dawa ya kutapisha. Mumupeleke hospitali sasa hivi: anahitaji sindano ya adrenalini. Kama ilianza nyuma ya kumeza dawa, asiimeze tena. Mubebe pakiti yake mumuonyeshe munganga.