Herufi za Taipureta na Kazi ya Mhakiki

Katika mijadala yetu ya uhakiki tumezoea kusema kwamba fasihi ni sanaa ya lugha, halafu tunaishia kwenye maneno basi. Herufi yenyewe, ile iliyogongwa kwenye karatasi, tunaipita kama vile haipo. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba herufi ya taipureta ni ushahidi wa kihistoria, na kwamba anayeupuuza anaweza kukosea hata mpangilio wa kazi anayoihakiki.

Hebu tuanze na mambo ya msingi. Chukua rula upime inchi moja ya mstari. Ukihesabu herufi 10, hiyo ni paika. Zikiwa 12, ni eliti. Kwenye mashine nyingi za mkono kila herufi hupewa nafasi sawa, ndiyo maana i huwekewa kitako kipana na m ikabanwa. Tazama pia tarakimu 1. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe chake, kwa hiyo mpiga taipu alitumia l ndogo. Dalili hizi zinakupa ukoo wa mashine, si lazima jina lake. Kule Ujerumani, kampuni ya Ransmayer & Rodrian iliwauzia herufi watengenezaji wengi, kwa hiyo taipureta za majina tofauti zaweza kuwa na sura moja ya maandishi.

Sasa, ndani ya ukoo huo, mashine moja itajulikanaje? Kwa uchakavu wake. Herufi hugongwa maelfu ya mara. Moja huinama, nyingine humeguka ncha, tumbo la e hujaa wino na uchafu. Arthur Conan Doyle aliliona jambo hili mapema. Katika hadithi fupi “A Case of Identity” ya mwaka 1891, mlaghai anapiga taipu barua zake zote, hata sahihi, akidhani mashine itauficha mkono wake. Sherlock Holmes anamnasa kwa kasoro za e na r. Mwaka 1910 Mmarekani Albert S. Osborn aliueleza uchunguzi wa aina hii kwa kirefu katika kitabu chake Questioned Documents.

Faida kwa fasihi iko wapi? Tuchukue The Waste Land, shairi la T. S. Eliot lililotoka mwaka 1922. Picha za rasimu zake zilichapishwa mwaka 1971, na ikaonekana kwamba shairi lilipita kwenye mashine zaidi ya moja. Sehemu ya nne na ya tano zilipigwa kwa taipureta ya rafiki yake Ezra Pound, yenye utepe wa zambarau. Ubishi ulikuwa juu ya sehemu ya tatu, yenye kejeli kali kuhusu jiji la London: je, ndiyo iliyotangulia? Kama ndiyo, mtu angeweza kudai kwamba shairi zima lilianza kama kejeli ya jiji. Mwaka 2005 Lawrence Rainey alitoa matokeo ya kulinganisha karatasi na taipu za rasimu hizo na barua za Eliot zenye tarehe. Akahitimisha kwamba sehemu ya kwanza na ya pili zilitangulia. Dai lile likapoteza mguu wake mmoja, na si kwa nadharia mpya, bali kwa kutazama herufi.

Nasikia mwenzangu akiguna: hiyo si kazi ya polisi? Kweli, polisi nao walikuwa wasomaji hodari wa herufi. Mwaka 1983 serikali ya Ceaușescu huko Romania ilitoa amri kwamba kila mwenye taipureta aiandikishe polisi na kupeleka sampuli ya maandishi yake. Lengo halikuwa kusoma fasihi, bali kumpata aliyeandika karatasi isiyotakiwa. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba elimu hii ni safi. Jicho lile lile linalompa mhakiki tarehe ya rasimu liliweza kumpeleka mwandishi jela. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuijifunza, tusiwaachie askari peke yao.

Kwa hiyo nashauri hivi. Tunapokuta mswada wa taipu wa mwandishi wetu, tusikimbilie kuunakili kwenye kompyuta kisha karatasi tukaitupa. Kompyuta itahifadhi maneno, lakini itafuta e iliyojaa wino, l iliyosimama mahali pa 1, na mahali mashine ilipobadilishwa katikati ya sura. Hayo nayo ni sehemu ya historia ya kazi. Tuyaandike kwenye daftari, kisha ndipo tuanze kubishana juu ya maana.