Fidia ya utumwa Mombasa ilishalipwa. Nani alilipwa?

Wadau, mjadala wa fidia ukianza tu, lawama zinaruka: Mzungu alipe, Mwarabu aombe radhi. Sisi wa pwani tunakaa kama hatumo. Mimi ni wa Kisauni, ngoja nianzie hapa kwetu.

Ile steji ya Kengeleni ilipata jina kwa kengele ya Frere Town, kijiji walichoanzisha wamishonari wa CMS mwaka 1875 kwa watumwa waliokombolewa. Wazee husema ilipigwa kuonya watu wakija wateka watumwa. Leo tunapita hapo tukigombania chenji na makanga.

Sasa hesabu. Mwishoni mwa 1888, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na misheni za jirani walinunuliwa uhuru. Pesa zikaenda kwa waliodai kuwamiliki. 1907 serikali ya kikoloni ikafuta utumwa ukanda wote wa pwani, na fidia tena ikawa ya mabwana. Jasho la aliyelima halikupigiwa hesabu. 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: bwana akaandikisha shamba, mtumwa wa jana akabaki humo humo, skwota.

Nikiambiwa "hayo ya kale, sahau", nauliza: na hati je, nazo ni za kale? Mjukuu hana dhambi ya babu yake, nakubali kabisa. Lakini kodi ya shamba la babu anapokea mwezi huu.

Na tusijifiche nyuma ya wageni. Neno "mtumwa" majumbani hatulitaji, mpaka posa ije. Hapo ndipo utasikia shangazi akiuliza pole pole: "Kwani hawa asili yao wapi?"