Daraja la Paoli na Tani Sita

Paoli ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya ya Orange katika jimbo la Indiana, Marekani. Mwaka 1880 wakazi wake walijengewa daraja la chuma juu ya kijito kiitwacho Lick Creek, na daraja hilo likawavusha wao, watoto wao na wajukuu wao kwa miaka mia na thelathini na mitano. Tarehe 25 Desemba 2015, siku ya Krismasi, lori la tela lililopakia chupa za maji ya kunywa liliingia darajani, nalo daraja likaporomoka chini ya magurudumu yake. Hakuna aliyepoteza maisha. Maji yale peke yake, bila kulihesabu gari, yalikuwa na uzito wa ratili 43,000. Kibao kilichowekwa kuwaonya wasafiri kilisema ya kwamba uzito wa mwisho unaoruhusiwa ni tani 6. Dereva alipohojiwa na polisi alieleza kwamba kibao alikiona, bali hakujua tani sita ni ratili ngapi.

Habari hiyo ilienea mbali kwa sababu ya jibu lile, na walioicheka walikuwa wengi. Mimi naona jibu lenyewe lastahili kuzingatiwa polepole, hasa na sisi ambao kazi yetu ni kuwafundisha watu kusoma. Lakini kwanza yafaa tulitazame daraja, maana asiyejua jinsi lilivyosimama hawezi kujua kwa nini lilianguka.

Mafundi wetu wa nyumba huita kenchi ile mihimili iliyounganishwa pembetatu pembetatu ili kulibeba paa. Neno hilo limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako kainchi ni mkasi. Na mtu akitazama jinsi mbao mbili za paa zinavyokutana kileleni atatambua mara moja mkasi umeingiaje. Daraja la namna ya Paoli ni kenchi mbili za chuma zilizosimamishwa sambamba, moja kulia na moja kushoto, njia ikapita katikati. Siri yake ni pembetatu. Ukipigilia miti minne kufanya mraba, kisha ukausukuma, mraba utalala upande. Miti mitatu hailali mpaka mmojawapo uvunjike au uchomoke. Kwa hiyo uzito unaopita juu ya daraja hugawanywa: mihimili ya juu hubanwa, ya chini huvutwa, na ile iliyo kati hubanwa au kuvutwa kulingana na mahali ilipo.

Maseremala walijenga madaraja ya kenchi za mbao kwa muda mrefu, wakitegemea jicho na uzoefu. Caleb na Thomas Pratt, baba na mwana, walipata hataza ya muundo wao mwaka 1844. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1847, Squire Whipple alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi ya kupiga hesabu ya nguvu inayoupata kila mhimili mmoja mmoja. Tangu hapo kazi ya jicho ikawa kazi ya kalamu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, reli na viwanda vya chuma vilizidi kuenea, yakatokea makampuni yaliyowauzia wakuu wa wilaya madaraja kama auzavyo mtu vitanda: mnunuzi alichagua muundo, vipande vikasafirishwa kwa gari moshi, na mafundi wakaviunganisha kwa pini nene juu ya nguzo za mawe zilizojengwa kandokando ya mto.

Wahandisi wa zama hizo walifikiria mikokoteni ya farasi, makundi ya ng'ombe, na umati wa watu. Chuma kilikuwa ghali, basi hawakutia hata ratili moja isiyo na kazi. Ndiyo maana madaraja hayo ni mepesi kwa macho, na wengi huyaona mazuri kuliko madaraja ya zege yaliyoyafuata. Ndiyo maana pia hayana akiba. Mara nyingi mhimili mkuu mmoja ukikatika, hakuna mwingine wa kuupokea mzigo wake, nayo kenchi nzima hushuka.

Kibao nacho kina historia yake. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja lililoitwa Silver Bridge, juu ya mto Ohio huko Point Pleasant, lilianguka likiwa limejaa magari, wakafa watu 46. Hilo halikuwa daraja la kenchi tupu. Lilining'inizwa kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye matundu, na chuma kimoja kilikuwa na ufa usioonekana. Msiba huo ndio ulioifanya serikali ya Marekani kutunga sheria mwaka 1968 ya kuyakagua madaraja, na taratibu za ukaguzi zikatolewa mwaka 1971. Wakaguzi walipiga tena hesabu za madaraja ya kale, na mengi yakawekewa mpaka wa uzito. Wakati huohuo malori yalikuwa yakinenepa. Mwaka 1956 sheria iliruhusu gari lenye uzito wa ratili 73,280 katika barabara kuu za taifa. Mwaka 1974 kiwango hicho kikapandishwa kuwa ratili 80,000. Magari hayo hayakukusudiwa kufika penye vijito vya mashamba, lakini barabara kuu na barabara ya kijiji zimeunganika.

Msomaji atakuwa ameona ya kwamba sheria hiyo ya malori imeandikwa kwa ratili. Dereva wa Marekani hupima gari lake kwa ratili, na hati za mzigo wake huandikwa kwa ratili. Daraja lilimwambia habari za tani. Tena tani yenyewe si moja: ya Wamarekani ni ratili 2,000, ile ya kale ya Waingereza ni ratili 2,240, na yetu ya kilo 1,000 hukaribia ratili 2,205. Tani sita za kibao kile zilikuwa ratili 12,000, basi. Hesabu hii mtoto wa shule aiweza, mradi ajue tani moja ni nini.

Sisemi kwamba dereva hakuwa na kosa. Asiyejua hupaswa kusimama akauliza, na aliyekabidhiwa gari kubwa hudaiwa zaidi. Nasema tu kwamba alisoma. Alitambua tarakimu, akatambua neno, akapita navyo vyote viwili bila kuupata uzito. Wanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo kila juma, ila hakuna kinachoporomoka. Mwanafunzi akikutana na frasila katika masimulizi ya biashara ya pembe au karafuu, hulitamka neno vizuri, akaendelea na sentensi. Mwulize kama mtu mmoja aweza kuibeba frasila moja kichwani. Ilikuwa kiasi cha ratili 35, yaani karibu kilo 16, hivyo aliweza. Na asiyelijua hilo hawezi kumwona mpagazi aliyebebeshwa mbili au tatu.

Paoli haikuwa peke yake. Mwezi Januari 2019 daraja la Dale Bend, huko Arkansas, lililojengwa mwaka 1930, lilianguka kwa lori lililozidi uzito. Tarehe 22 Julai mwaka huohuo ikawa zamu ya daraja la kenchi la mwaka 1906 karibu na Northwood, North Dakota, ambalo lilikuwa limeorodheshwa tangu 1997 miongoni mwa mahali pa historia ya taifa. Mpaka wake ulikuwa tani 14. Lori la maharagwe makavu lililoingia juu yake lilikuwa na zaidi ya tani 40. Faini ilitajwa kuwa dola 11,400, na gharama ya kujenga daraja jingine ilikadiriwa kuwa kati ya dola 800,000 na milioni moja. Faini hiyo haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya gharama, na gharama yenyewe hununua daraja jipya, si lile la mwaka 1906.

Katika barabara za Marekani kuna kibao cha namna nyingine kinachotumika kwenye madaraja ya aina hii. Kimechorwa vivuli vya malori, kuanzia dogo hadi lenye tela, na mbele ya kila kivuli imeandikwa tarakimu yake. Mchoro huo humsaidia dereva kulitambua gari lake kwa umbo pasipo kusoma neno lolote. Baada ya tarakimu imebaki herufi moja tu, T.